Kusoma mazingira nje ya nyumba: jinsi ya kumlinda mtoto na jua, maji, mimea na wadudu

Ni saa 5 asubuhi. Mtoto amemaliza hesabu na kusoma, na ratiba ya masomo ya nyumbani inasema sasa ni zamu ya kutoka nje kuangalia mimea na wadudu. Unachungulia dirishani. Jua limekaza, uwanja unawaka, na juzi jirani alikuambia ameona nyoka kwenye kichaka cha nyuma. Unamwambia mtoto, "Leo kaa ndani, mtatoka kesho." Kesho yake inakuwa hivyo hivyo.

Hofu yako ina msingi. Nchi zetu za joto zina jua kali, malaria, kichocho na nyoka wenye sumu. Lakini kumfungia mtoto ndani siku baada ya siku nako kuna madhara. Makala haya yanaeleza hatari ziko wapi hasa, jinsi ya kuzipunguza, na cha kufanya katika dakika za kwanza jambo likitokea.

Kwa nini mtoto anayesoma nyumbani atoke nje

Mtoto anayekwenda shule hutembea njiani, hucheza wakati wa mapumziko na hukimbizana na wenzake. Mtoto anayesoma nyumbani anaweza kumaliza siku nzima kati ya meza, kochi na simu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kwa siku za shughuli zinazochangamsha mwili.

Macho nayo yanafaidika. Huko Guangzhou, China, watafiti waliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 ya watoto hao walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, wakati kwa wenzao ambao hawakuongezewa muda ilikuwa asilimia 39.5. Mwanga wa nje ni mkali kuliko wa ndani hata ukiwa kivulini, kwa hiyo mtoto hahitaji kuchomwa na jua ili afaidike.

Anza na saa

Vitabu vingi vya kufundishia nyumbani vimeandikwa Ulaya na Marekani. Huko wanasubiri jua lipande ndipo watoke, na wanazungumzia misimu minne ya mwaka. Sisi tulio karibu na ikweta tuna mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima, na adhuhuri jua huwa karibu na utosi. Ukifuata ratiba ya kitabu kama ilivyo, utamtoa mtoto nje katika saa mbaya kuliko zote.

Toka kati ya saa 12:30 na saa 3 asubuhi, au kuanzia saa 10 jioni hadi kabla ya magharibi. Mionzi ya jua huwa mikali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Saa za mapema zinafaa kwa somo pia: ndege wanaimba, umande bado uko kwenye utando wa buibui, na maua mengi yamefunguka. Saa 7 mchana hata ndege wamejificha.

Mfundishe mtoto kupima jua kwa kivuli chake. Kivuli kikiwa kirefu kuliko yeye, jua bado ni la upole. Kikiwa kifupi kuliko yeye, ni wakati wa kuhamia chini ya mti au kurudi ndani. Kupima kivuli hicho kwa hatua kila baada ya saa moja ni somo zuri la hesabu na sayansi.

Kumbuka mbu. Mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri, kwa hiyo rudini ndani kabla giza halijaingia na mtoto alale kwenye chandarua chenye dawa. Mbu wa homa ya dengi huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Nguo nyepesi za mikono mirefu na suruali ndefu humkinga mtoto na mbu, jua na majani yanayowasha kwa pamoja. Ukitumia dawa ya kufukuza mbu, soma maelezo ya umri kwenye chupa, mpake wewe mwenyewe, na usipake viganja vyake wala karibu na macho na mdomo.

Joto: maji kabla ya kiu

Mwili wa mtoto hupata joto haraka, na mtoto anayefuatilia sisimizi hasemi kwamba ana kiu. Mpe maji kabla ya kutoka, kisha mafunda machache kila baada ya dakika 15 hadi 20. Kofia yenye ukingo mpana ni bora kuliko ile ya mbele tu, kwa sababu inafunika masikio na shingo. Mkojo wa rangi ya njano iliyokolea au unaotoka kidogo sana ni dalili kwamba hajanywa maji ya kutosha.

Mtoto akilalamika kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au kukazwa na misuli, mpeleke kivulini. Mlegeze nguo, mpanguse kwa kitambaa chenye maji, mpepee, na umpe maji au maji ya chumvichumvi ya ORS kidogo kidogo. Asiporudia hali yake ndani ya nusu saa, mpeleke kituo cha afya.

Akianza kuchanganyikiwa, kudondoka, kupata degedege au kupoteza fahamu huku mwili unachoma, hiyo ni dharura. Mmwagie maji mwilini na umpepee mara moja, na uendelee kumpoza mkiwa njiani kwenda hospitali. Usimlazimishe kunywa kama hana fahamu kamili, anaweza kupaliwa.

Pia usidhani kila homa imeletwa na jua. Mtoto akiwa na homa, apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Macho kwanza, fimbo pili, mkono mwisho

Mfundishe mtoto sentensi hii hadi aiseme mwenyewe. Ajali nyingi hutokea mkono unapotangulia: mtoto anainua jiwe, anaingiza kidole kwenye shimo, anakusanya kuni. Nge na nyoka hujificha chini ya mawe, magogo, matofali na majani makavu. Kwanza tazama. Kisha gusa kwa fimbo ndefu. Mkono uguse tu kitu ambacho mtu mzima amekikubali. Mashimo, pamoja na yale ya kwenye vichuguu, hayaingizwi mkono wala fimbo.

Miguuni, viatu vilivyofunika vidole. Mabuu ya minyoo ya safura hukaa kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi na huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu. Minyoo hiyo hunyonya damu tumboni na kumletea mtoto upungufu wa damu. Funza wanaoingia miguuni nao hupatikana kwenye mchanga na vumbi. Mkirudi, kunguta viatu, angalia kati ya vidole, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote. Hilo ni muhimu zaidi kama mtoto ameshika konokono, kobe au mjusi, kwa sababu wanyama hao wanaweza kubeba vimelea vya magonjwa hata wakionekana safi.

Maji ya mto, bwawa na ziwa

Hapa usilegeze kamba. Kichocho huenezwa na vimelea wanaotoka kwa konokono wadogo wa maji baridi. Vimelea hao hawaonekani kwa macho. Wanapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache, mtoto akiwa amesimama tu ndani ya maji. Huwa wengi zaidi mchana jua likiwa kali. Dalili inayojulikana ni mkojo wenye damu, lakini aina nyingine hushambulia utumbo na ini na kuleta maumivu ya tumbo na kinyesi chenye damu. Kuna dawa, prazikwanteli, ila haimzuii mtoto kuambukizwa tena akirudi majini.

Kwa hiyo mto, bwawa na majaruba ya mpunga viangaliwe kutoka ukingoni, mtu mzima akiwa karibu kiasi cha kumshika mtoto kwa mkono. Hatari ya kuzama ni ya haraka kuliko kichocho, na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele.

Kama mnataka kuchunguza maji, tumieni maji ya mvua kwenye ndoo nyumbani. Baada ya siku chache mtaona viluwiluwi vya mbu. Mwonyeshe mtoto jinsi vinavyokaa: kiluwiluwi cha mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, na vya mbu wengine wengi huning'inia kichwa chini. Katika joto letu, yai linaweza kuwa mbu kamili kwa takriban wiki moja. Kwa hiyo angalieni siku mbili, chora, kisha mwaga maji kwenye udongo mkavu. Baada ya hapo zungukeni nyumba mkimwaga maji yote yaliyotuama kwenye vifuu, makopo na matairi. Somo hilo linakinga familia nzima na majirani.

Maji ya chumvi ya bahari hayana kichocho. Pwani, nendeni maji yakiwa yanakupwa na murudi kabla hayajaanza kujaa. Mtoto avae viatu hata majini kwa sababu ya miiba na mawe makali. Kombe na konokono wa bahari walio hai wasiokotwe: wapo wenye umbo la pia, wenye madoa ya kupendeza, ambao hudunga sumu inayoweza kuua.

Mimea: hakuna kuonja

Kanuni ni moja: kinachochumwa kwenye somo hakiingii mdomoni. Mwonyeshe mtoto mimea hii ili aitambue na kuiacha:

- Mbarika (mnyonyo): mbegu zake zenye madoa zina sumu kali, hasa zikitafunwa.
- Tuturitutu: mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, ambazo watoto hupenda kwa sababu zinafanana na shanga. Usimpe mtoto mdogo kuchezea.
- Mbono kaburi: mbegu zake zina ladha inayofanana na karanga, ndiyo maana watoto huzila. Huleta kutapika na kuharisha sana.
- Mnanaha: una maua makubwa mithili ya tarumbeta na matunda yenye miiba. Humfanya mtoto aweweseke, mapigo ya moyo yaende mbio na ngozi iwe ya moto na kavu.
- Mnyaa, ule wa uzio unaotoa utomvu mweupe: utomvu ukiingia jichoni huunguza. Osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.
- Upupu: vinyweleo vya maganda yake huwasha vikali. Mtoto asijikune. Bandua vinyweleo kwa utepe wa gundi, osha ngozi na fua nguo.

Mtoto akila mmea unaoushuku, usimtapishe na usimpe maziwa au mafuta kama dawa. Chukua kipande cha mmea au mbegu, na umpeleke hospitali mara moja hata kama bado anacheza.

Wadudu na wanyama wanaouma

Nyuki. Ondokeni eneo hilo kwanza. Toa mwiba haraka iwezekanavyo kwa kukwangua kwa ukucha. Weka kitambaa chenye maji baridi. Akivimba uso au mdomo, akikoroma au kubanwa pumzi, akitapika au kulegea, hiyo ni dharura. Mtoto aliyeumwa na nyuki wengi apelekwe hospitali hata kama anaonekana mzima.

Nge. Osha, weka kitu cha baridi na mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito wake. Watoto wadogo huathirika zaidi ya watu wazima. Akitokwa na mate au jasho jingi, kutapika, kutetemeka au kupumua kwa shida, wahi hospitali.

Kijidudu chembamba chekundu na cheusi kinachoonekana kwa wingi wakati wa mvua. Hakiumi wala hakidungi. Kikipondwa juu ya ngozi hutoa majimaji yanayoacha malengelenge kama ya moto. Kipulize kiondoke, usikipige. Kikiwa kimeshapondwa, osha kwa sabuni na maji mengi na mtoto asiguse macho.

Jongoo. Hana madhara akitazamwa. Akishikwa kwa nguvu hutoa majimaji yanayowasha na kuumiza macho.

Mbwa, paka, popo, kima. Jeraha au mkwaruzo wowote uoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza. Chanjo ikitolewa mapema na kukamilishwa humwokoa mtoto.

Na kinyonga? Wengi wanamwogopa, lakini hana sumu. Ni mnyama mzuri wa kumchunguza akiwa mtini mwake.

Akiumwa na nyoka

Mwaka 2017 WHO iliingiza madhara ya kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Watoto wako hatarini zaidi kwa sababu sumu ile ile inaingia kwenye mwili mdogo. Kinachopoteza uhai mara nyingi ni muda unaotumika kwa tiba zisizofaa.

Fanya hivi:

1. Mwondoe mtoto karibu na nyoka. Usimfukuze nyoka wala usijaribu kumuua. Kumbuka tu rangi na ukubwa wake.
2. Mtulize mtoto na umlaze. Asitembee wala kukimbia.
3. Mvue viatu, bangili, pete na shanga kabla hajavimba.
4. Funga ubao au fimbo kando ya mguu au mkono ulioumwa ili usitikisike, kama unavyofanya kwa mfupa uliovunjika.
5. Mpeleke hospitali mara moja. Mbebe. Kama usafiri ni bodaboda, mtoto akae katikati ya dereva na mtu mzima anayemshika.
6. Akitapika au kulegea, mlaze ubavu.

Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana, usipake dawa za majani wala kuweka jiwe jeusi. Kamba inakata damu na inaweza kumfanya mtoto apoteze mguu. Jiwe halinyonyi sumu.

Akitemewa sumu machoni na swila, osha macho papo hapo kwa maji safi mengi, kisha nenda hospitali.

Kuna jambo la kufanya leo, kabla ya chochote kutokea: uliza ni hospitali gani katika eneo lako yenye dawa ya kuzuia sumu ya nyoka. Si kila kituo kinayo. Andika jina lake na namba ya dereva unayemwamini ukutani.

Mtoto anayehitaji uangalizi zaidi

Mtoto mwenye ualbino atoke asubuhi na mapema sana au jioni, akiwa na kofia pana, mikono mirefu, miwani ya jua na mafuta ya kukinga jua yanayorudiwa kila baada ya saa mbili. Ngozi yake haina kinga ya kutosha, na madhara ya jua hujikusanya hadi kuwa saratani.

Mtoto mwenye selimundu anahitaji maji mengi zaidi na mapumziko ya mara kwa mara. Upungufu wa maji, baridi ya mvua na kuchoka kupita kiasi vinaweza kumletea maumivu makali. Homa kwake ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mtoto mwenye pumu atoke na dawa yake ya kuvuta mkononi mwako, si kabatini.

Muangalie nini?

Fuateni majira ya kwetu. Mvua za kwanza zikianguka, kumbikumbi hutoka ardhini. Hesabuni ndege wanaokuja kuwala. Masika ni wakati wa konokono, vyura na uyoga, wa kutazama tu. Miezi ya kipupwe, kati ya Juni na Agosti, ina ubaridi na inafaa kwa matembezi marefu. Mbayuwayu wanaokimbia baridi ya Ulaya huwa kwetu kati ya takriban Oktoba na Aprili. Mtoto aandike siku ya kwanza alipowaona na siku walipotoweka. Kwenye mti wenye viota vya mnana, dume ndiye anayesuka na jike ndiye anayekagua. Kifauongo kando ya njia hukunja majani ukikigusa. Hesabuni dakika hadi yafunguke tena.

Mtoto awe na daftari moja. Kila siku aandike tarehe, saa, hali ya hewa, na kitu kimoja alichokiona, akichore. Dakika 30 zinatosha kwa mtoto mdogo. Siku za mvua ya radi, bakini ndani na mwangalie matone dirishani.

Kabla ya kufungua mlango

- Viatu vimefungwa, kofia ipo, nguo ndefu.
- Maji safi chupa moja kwa kila mtu.
- Sabuni, kitambaa safi, filimbi au simu yenye chaji.
- Umemwambia mtu mnakoelekea na mtakaporudi.
- Mtoto amesema kanuni: macho kwanza, fimbo pili, mkono mwisho.

Basi kesho anzeni saa 1 asubuhi, hatua kumi tu kutoka mlangoni. Chagueni mti mmoja na muutembelee kila wiki. Mtoto akishaujua mti wake pamoja na wote wanaokaa humo, atajua pia ni nani wa kutazama na ni nani wa kupisha.